Wakili wa rufaa: Siku huanza kuhesabiwa hukumu inaposomwa

Mwishoni mwa hukumu nyingi zinazosomwa katika mahakama za Tanzania huja sentensi moja fupi: haki ya kukata rufaa imeelezwa. Mara nyingi aliyeshindwa haisikii. Wakati huo ndugu zake wananong'ona kwenye mabenchi, karani anaita shauri linalofuata, na mwenyewe bado anajiuliza itakuwaje kuhusu nyumba, kiwanja au kijana wake anayepelekwa gerezani. Hata hivyo, sentensi hiyo ndiyo inayomfungulia mlango wa hatua inayofuata, na siku za kupita katika mlango huo huanza kuhesabiwa tangu hapo.

Ibara ya 13(6)(a) ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania inatambua haki ya mtu kusikilizwa kwa ukamilifu, pamoja na haki ya kukata rufaa au kupata nafuu nyingine ya kisheria. Lakini haki hiyo hutumika kwa utaratibu, na utaratibu huo una siku, nyaraka na masijala yake. Rufaa yenye hoja nzito inaweza kuondolewa mahakamani pasipo hoja hata moja kusikilizwa, kwa sababu tu imewasilishwa nje ya muda au imekosa waraka muhimu.

Ndiyo maana suala la kumtafuta wakili wa rufaa haliishii katika kumpata mtu hodari wa kuzungumza. Swali la kwanza ni siku ngapi zimebaki, na swali la pili ni nani anayeweza kuzitumia siku hizo vizuri.

Rufaa si kesi mpya

Kosa la kwanza la wananchi wengi ni kudhani kwamba rufaa ni nafasi ya kuianza kesi upya. Mtu hufika kwa wakili akiwa na shahidi ambaye hakuitwa, risiti iliyopatikana baadaye chini ya godoro, au barua ya mjumbe wa shina iliyoandikwa baada ya hukumu. Kwa kawaida vitu hivyo havimsaidii. Mahakama ya rufaa husoma kumbukumbu za kilichotokea katika mahakama ya chini na kujiuliza kama hakimu au jaji alikosea. Ushahidi mpya hupokelewa kwa nadra, kwa ruhusa ya mahakama na kwa sababu maalumu.

Katika rufaa ya kwanza mahakama huweza kupima upya ushahidi uliotolewa na kufikia hitimisho lake yenyewe. Rufaa ya pili ni nyembamba zaidi. Hapo mahakama hujihusisha hasa na masuala ya sheria, na huwa haigusi matokeo ya ushahidi ambayo mahakama mbili za chini zimekubaliana, isipokuwa pale zilipouelewa ushahidi vibaya au kukiuka kanuni za sheria.

Kwa hiyo malalamiko kwamba hukumu imemuonea mtu hayatoshi kuwa sababu ya rufaa. Lazima yageuzwe kuwa hoja: kwamba hakimu alipokea hati isiyostahili kupokelewa, kwamba hakuuzingatia ushahidi wa shahidi fulani, kwamba mahakama haikuwa na mamlaka ya kusikiliza shauri hilo, au kwamba upande mmoja haukupewa nafasi ya kujieleza. Kazi ya kuyageuza malalamiko kuwa hoja za sheria ndiyo kazi kubwa ya wakili wa rufaa.

Aidha, si kila uamuzi unakatiwa rufaa. Tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2002, amri ndogo zinazotolewa kesi ikiwa bado inaendelea, na ambazo hazimalizi shauri, hazikatiwi rufaa. Mhusika husubiri hadi hukumu ya mwisho. Hukumu iliyotokana na makubaliano ya pande mbili nayo kwa kawaida haikatiwi rufaa. Aliyehukumiwa bila kuwapo mahakamani huelekezwa kwanza kuiomba mahakama ileile iifute hukumu hiyo kwa kueleza sababu za kutokuwapo kwake. Na mshtakiwa aliyekiri kosa mwenyewe huweza kupinga adhabu tu, ama ukubwa wake ama uhalali wake, isipokuwa katika mazingira machache ambamo kukiri kwenyewe kunaonekana kuwa na kasoro.

Kila mlango na siku zake

Tanzania Bara haina muda mmoja wa kukata rufaa. Muda hutegemea mahakama iliyotoa uamuzi na aina ya shauri, na hapa ndipo wengi wanapopotea, kwa kuwa jirani aliyewahi kukata rufaa katika shauri la jinai huweza kumshauri mwenye shauri la ardhi kwa nia njema kabisa, lakini kwa hesabu isiyo yake.

Uamuzi wa Mahakama ya Mwanzo hukatiwa rufaa Mahakama ya Wilaya ndani ya siku 30. Asiyeridhika tena huenda Mahakama Kuu, pia ndani ya siku 30, na rufaa hiyo huwasilishwa kupitia Mahakama ya Wilaya iliyotoa uamuzi. Shauri la madai lililoanzia Mahakama ya Wilaya au ya Hakimu Mkazi lina siku 90 za kufika Mahakama Kuu. Uamuzi wa Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya una siku 45.

Katika jinai, kwa mashauri yaliyoanzia Mahakama ya Wilaya au ya Hakimu Mkazi, zipo hatua mbili. Kwanza ni taarifa ya kusudio la kukata rufaa, ambayo hutolewa ndani ya siku 10. Pili ni hati yenyewe ya rufaa, ndani ya siku 45. Aliye gerezani huwasilisha nyaraka zake kupitia mkuu wa gereza, ambaye huzifikisha mahakamani.

Mwajiri au mfanyakazi asiyeridhika na tuzo ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi hakati rufaa ya kawaida, bali huiomba Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi, kuupitia na kuufuta uamuzi huo. Maombi hayo yana wiki sita tangu alipopewa tuzo.

Ngazi ya juu kabisa ni Mahakama ya Rufani ya Tanzania, iliyoanzishwa mwaka 1979 baada ya kuvunjika kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki na mahakama yake ya rufaa. Kwa kawaida husikiliza rufaa ikiwa na majaji watatu. Katika madai, taarifa ya kukata rufaa hutolewa ndani ya siku 30 tangu uamuzi wa Mahakama Kuu na mpinzani hupatiwa nakala yake ndani ya siku 14 tangu ilipowasilishwa. Rufaa yenyewe hufuata ndani ya siku 60 tangu taarifa hiyo iwasilishwe. Hapo awali mashauri mengi ya madai yalihitaji kwanza kibali cha kukata rufaa, lakini sharti hilo liliondolewa na mabadiliko ya sheria ya mwaka 2023. Kwa mashauri yaliyoanzia Mahakama ya Mwanzo bado inatakiwa hati ya Mahakama Kuu kuthibitisha kwamba lipo suala la sheria linalostahili kuamuliwa.

Zanzibar ina Mahakama Kuu yake, sheria zake za muda na chama chake cha mawakili. Hesabu za mahakama za chini zilizotajwa hapa ni za Tanzania Bara, ingawa Mahakama ya Rufani ni ya Muungano.

Siku 45 zinavyopotea

Uchukuliwe mfano wa mtu aliyeshindwa shauri la nyumba katika Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya jijini Dar es Salaam. Uamuzi umesomwa Juni 2. Siku ya uamuzi haihesabiwi, kwa hiyo siku ya kwanza ni Juni 3 na siku ya 45 ni Julai 17.

Wiki ya kwanza inapita katika majonzi. Wiki ya pili ndugu wanakutana, mmoja anashauri waende kwa mkuu wa wilaya, mwingine anasema waandike barua kwa mbunge. Wiki ya tatu barua zinaandikwa na majibu yanasubiriwa. Wiki ya nne unaanza mchango wa fedha. Wiki ya tano anapatikana wakili, ambaye anauliza jambo moja la kwanza: nakala ya hukumu iko wapi? Haipo, kwa sababu hakuna aliyeiomba. Julai 10 imefika na zimebaki siku saba.

Katika mfano huu hakuna aliyelala. Wote wamehangaika, na kila barua iliandikwa kwa moyo. Ila mkuu wa wilaya na mbunge hawana mamlaka ya kutengua uamuzi wa chombo cha kutoa haki, na barua kwao hazisimamishi hesabu ya siku. Kilichotakiwa Juni 3 au Juni 4 ni karatasi moja: barua ya kuomba nakala za mwenendo wa shauri, hukumu na hati ya tuzo, ikipokelewa na kugongwa muhuri wenye tarehe, na nakala yake ikabaki mkononi mwa mhusika.

Barua hiyo haihitaji wakili, na thamani yake ni kubwa. Sheria huruhusu muda wa kusubiri nakala zinazohitajika kuondolewa katika hesabu ya siku, lakini mhusika lazima aweze kuonyesha aliomba lini na alipewa lini. Kwa rufaa za madai zinazokwenda Mahakama ya Rufani, maombi hayo lazima yafanywe kwa maandishi ndani ya siku 30 na mpinzani apatiwe nakala ya barua hiyo ndani ya muda huo; hapo ndipo msajili anapoweza kutoa hati ya kuthibitisha siku zilizotumika kuandaa kumbukumbu. Kanuni zinamtaka msajili ahakikishe nakala ziko tayari ndani ya siku 90, na mkata rufaa azifuate ndani ya siku 14 baada ya hapo kama hajaitwa. Mwenye kusubiri simu ya karani mwaka mzima anajiweka hatarini.

Wakili na kishoka

Si kila mwanasheria ni wakili. Mwenye shahada ya sheria anaweza kuwa mtu msomi sana, lakini hawezi kumwakilisha mteja mahakamani kama wakili hadi awe ameapishwa, jina lake liwe katika orodha ya mawakili, na awe na leseni ya uwakili iliyo hai kwa mwaka husika. Leseni hiyo huhuishwa kila mwaka. Wakili aliyesimamishwa, au ambaye hajahuisha leseni yake, huweza kumponza mteja, kwa kuwa nyaraka alizoziandaa zinaweza kupingwa na upande wa pili.

Kando ya mahakama nyingi za mijini wapo pia watu wanaojulikana kama vishoka. Hubeba mafaili, huwajua makarani kwa majina, na huahidi matokeo. Kishoka hutambulika kwa mambo matatu: hana ofisi inayojulikana, hatoi risiti, na huzungumza zaidi juya ya anaowafahamu ndani ya mahakama kuliko juu ya hukumu yenyewe. Anayesema kwamba fedha fulani ni ya hakimu anamwingiza mteja katika kosa la rushwa, jambo ambalo linaweza kumfanya mwenye shauri la madai ajikute mshtakiwa wa jinai.

Kumhakiki wakili si jambo gumu siku hizi. Mahakama ya Tanzania ina mfumo wa mtandaoni wa taarifa za mawakili, ambako jina huweza kutafutwa na hali ya leseni kuonekana. Chama cha Wanasheria Tanganyika, kilichoanzishwa mwaka 1954 na ambacho mawakili wa Tanzania Bara ni wanachama wake, nacho huweza kuulizwa. Wakili wa kweli haoni aibu kuulizwa namba yake ya uwakili.

Wakili yuleyule au mwingine?

Familia nyingi hujiuliza kama warudi kwa wakili aliyeendesha kesi iliyoshindwa au watafute mwingine. Kila njia ina faida yake. Wa zamani analijua faili, alikuwapo shahidi alipoulizwa maswali, na anaweza kuanza kazi siku hiyohiyo. Mpya hulisoma faili kwa macho mengine, na hana sababu ya kutetea makosa ambayo huenda yalifanywa katika usikilizaji wa kwanza. Pale ambapo sababu mojawapo ya rufaa inagusa namna kesi ilivyoendeshwa na wakili mwenyewe, ni vigumu kwa wakili huyo kuisema.

Anayebadilisha wakili anapaswa kuchukua nyaraka zake zote mapema na kumaliza hesabu za ada, kwa kuwa mzozo wa ada huweza kuchelewesha faili wakati siku zinakwenda. Aidha, ni busara kuuliza kama wakili mpya hajawahi kumtetea mpinzani katika jambo hilohilo.

Wapo pia ambao rufaa ndiyo mara yao ya kwanza kuwa na wakili. Kwa miaka mingi mawakili hawakuruhusiwa kusimama katika Mahakama ya Mwanzo. Mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021 yaliwafungulia mlango pale mahakama hiyo inapoongozwa na hakimu mkazi. Kwa aliyejitetea mwenyewe tangu mwanzo, wakili wa rufaa hulazimika kufanya kazi na kumbukumbu alizozikuta, hata kama maswali muhimu hayakuulizwa.

Maswali ya siku ya kwanza

Mteja anayekwenda kwa wakili wa rufaa anapaswa kubeba nakala ya hukumu kama ipo, hati ya madai au ya mashtaka, majibu, vielelezo vilivyopokelewa, barua ya kuomba nakala, na tarehe kamili ya hukumu. Wakili anayetoa ahadi ya ushindi kabla ya kusoma hata ukurasa mmoja hastahili kuaminiwa.

Swali la kwanza la kumuuliza ni siku ya mwisho ya kuwasilisha rufaa ni ipi, na aiandike. La pili ni hoja zipi anaziona, na ipi kati yake ni yenye nguvu. La tatu ni hatari gani zipo. Katika rufaa dhidi ya adhabu, kwa mfano, mahakama ina uwezo wa kuipunguza, lakini pia ina uwezo wa kuiongeza. Katika madai, aliyeshindwa rufaa huweza kuamriwa kulipa gharama za mpinzani wake kwa ngazi zote mbili. La nne ni nani hasa atakayesimama mahakamani: wakili huyo mwenyewe au msaidizi wake.

Swali la tano mara nyingi husahaulika: je, rufaa ndiyo njia bora? Wakili mkweli huweza kumwambia mteja kwamba hukumu haina kasoro kubwa, na kwamba fedha ya rufaa ingetumika vizuri zaidi katika kukaa na mpinzani na kupatana juu ya namna ya kulipa deni kwa awamu. Jibu hilo huuma, lakini huokoa.

Lugha nayo izingatiwe. Sheria iliyopitishwa mwaka 2021 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya kutoa haki, lakini bado zipo hukumu zinazoandikwa kwa Kiingereza. Mteja ana haki ya kuelezwa hukumu yake na sababu za rufaa yake kwa lugha anayoielewa kabla ya nyaraka kuwasilishwa kwa jina lake.

Makubaliano ya ada

Ada ya kesi ya awali haijumuishi rufaa, isipokuwa kama ilikubaliwa hivyo. Rufaa ni kazi mpya na makubaliano yake yawe mapya, kwa maandishi, yakieleza kazi inayofanywa, kiasi, awamu za malipo, na yasiyomo. Je, ada hiyo ni pamoja na maombi ya kusimamisha utekelezaji wa hukumu? Je, ni pamoja na safari, kama shauri litasikilizwa katika mkoa mwingine? Je, itakuwaje rufaa ikiondolewa kwa kasoro ya nyaraka na kulazimika kuwasilishwa upya?

Ada ya mahakama ni jambo jingine na hulipwa Serikalini kwa namba maalumu ya malipo, si mkononi mwa karani. Siku hizi nyaraka nyingi huwasilishwa kwa njia ya mtandao, na mteja anaweza kuomba uthibitisho wa kuwasilishwa na wa malipo. Kila fedha inayotolewa kwa wakili idaiwe risiti. Malalamiko dhidi ya mwenendo wa wakili hupelekwa kwenye Kamati ya Mawakili, ambayo ina mamlaka ya kumwadhibu, ikiwa ni pamoja na kumsimamisha au kuamuru jina lake liondolewe katika orodha. Lakini adhabu ya wakili haimrudishii mteja nyumba yake.

Rufaa haimzuii dalali

Wengi huamini kwamba rufaa ikishawasilishwa hukumu hulala usingizi. Si hivyo. Rufaa peke yake haisimamishi utekelezaji wa hukumu. Mshindi ana haki ya kuomba hukumu ikaziwe, na dalali wa mahakama huweza kufika na amri mkononi huku rufaa ikisubiri kupangiwa tarehe.

Anayetaka kuzuia hilo huwasilisha maombi ya pekee. Mahakama huangalia kama atapata hasara kubwa, kama alikuja bila kuchelewa, na kama yuko tayari kuweka dhamana ya kutimiza hukumu iwapo atashindwa. Kwa Mahakama ya Rufani, maombi hayo hufanywa ndani ya siku 14 tangu mhusika alipopewa taarifa ya utekelezaji. Kwa mwenye nyumba wa Juni 2, maombi hayo ni muhimu sawa na rufaa yenyewe, kwa kuwa kushinda rufaa baada ya nyumba kuuzwa au kubomolewa ni ushindi wa karatasi. Katika jinai, aliyefungwa huweza kuomba dhamana akisubiri rufaa, ingawa haitolewi kirahisi.

Aliyechelewa

Aliyepitwa na muda hajafungiwa kabisa. Anaweza kuomba aongezewe muda, kwa maombi yanayoambatana na hati ya kiapo. Mwongozo unaorejewa sana ni uamuzi wa Mahakama ya Rufani katika maombi ya madai namba 2 ya mwaka 2010, kati ya Lyamuya Construction Company Limited na Bodi ya Wadhamini ya YWCA Tanzania. Mwombaji anatakiwa kueleza kipindi chote cha ucheleweshaji, ucheleweshaji usiwe wa kupita kiasi, aonyeshe bidii na si uzembe, na huweza pia kuonyesha sababu nyingine nzito, kama vile kasoro ya kisheria iliyo wazi katika uamuzi unaopingwa.

Maneno ya jumla, kama vile kuumwa au kukosa fedha, hayatoshi bila vielelezo. Mahakama ya Rufani imeeleza mara kadhaa kwamba uzembe wa wakili kwa kawaida si sababu ya kutosha kumwongezea mteja muda. Hapa ndipo uzito wa kumchagua wakili unapoonekana: kosa la wakili humfuata mteja. Mteja anayeuliza mara kwa mara, anayetunza nakala za kila waraka na anayefika masijala kujua shauri lake limefikia wapi hamkoseshi wakili heshima. Anailinda haki yake.

Ni kweli kwamba Katiba, katika Ibara ya 107A, inazitaka mahakama zitende haki bila kufungwa kupita kiasi na masharti ya kiufundi, na mabadiliko ya sheria ya mwaka 2018 yalisisitiza jambo hilo. Lakini Mahakama ya Rufani imekwisha kusema kwamba msingi huo hautumiki kufuta masharti ya lazima ya utaratibu. Anayeacha muda upite akitegemea huruma ya mahakama anacheza na bahati yake.

Asiye na uwezo

Kukosa fedha za wakili si mwisho wa safari. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 imeweka utaratibu wa watoa msaada waliosajiliwa, na mahakama huweza kumwelekeza kwao asiye na uwezo. Mijini zipo taasisi zinazofanya kazi hiyo bila malipo au kwa malipo kidogo, miongoni mwao Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, Chama cha Wanasheria Wanawake Tanzania na Kituo cha Msaada wa Sheria kwa Wanawake. Wasaidizi wa kisheria walioko katika kata huweza kusaidia kuandika barua na kuelekeza, ingawa hawaruhusiwi kusimama mahakamani kama mawakili. Katika mashauri ya mauaji, mahakama humpangia mshtakiwa wakili anayegharamiwa na Serikali.

Taasisi hizo nazo huhitaji muda wa kusoma faili. Anayefika zikiwa zimebaki siku mbili huwapa kazi ambayo hata wakili wa kulipwa ghali hawezi kuifanya vizuri.

Kwa hiyo wiki ya kwanza baada ya hukumu ina utaratibu wake. Siku ya hukumu, tarehe iandikwe. Kesho yake, barua ya kuomba nakala ipelekwe masijala na kugongwa muhuri. Kwa mashauri ya jinai na yale yanayokwenda Mahakama ya Rufani, taarifa ya kukata rufaa iwasilishwe bila kusubiri nakala. Kabla wiki haijaisha, wakili aliyehakikiwa au taasisi ya msaada iwe imeonwa. Kikao cha ukoo na mchango wa fedha viendelee, ila visitangulie mambo hayo. Mwenye nyumba wa Juni 2, angalipeleka barua Juni 3, Julai 10 ingemkuta na nakala zake mkononi au, kwa uchache, na uthibitisho kwamba anazidai.